Kimya cha Wiki Kumi na Moja

Nyumbani walimwita Mtaalamu, na aliyempachika jina hilo alikuwa mama mkwe wake. Lilianza kama utani siku aliporudisha picha zilizopotea kwenye simu ya bibi huyo, kisha utani ukazoeleka, na sasa mama hamalizi sentensi mbili kwa majirani bila kumtaja: Mtaalamu kasema hivi, Mtaalamu kasema vile. Mama mwenyewe alikuwa na maneno kuliko redio. Tangu ahamie kwa binti yake, nyumba ile ilikuwa haijawahi kupata dakika tano za utulivu, na hakuna aliyelalamika. Ndiyo maana asubuhi ile aliposhindwa kumeza kipande cha mkate, akakirudisha taratibu kwenye kisahani na kunyamaza, meza nzima ilinyamaza naye.

"Kimepita vibaya tu," alisema baadaye, akiuvuta mtandio ufunike shingo. Sauti yake ilikwaruza kama ya mtu aliyepiga kelele usiku kucha.

Binti yake alikuwa fundi cherehani, na jicho lake lilizoea kupima bila futi. Aliitazama shingo ya mama yake, akamgeukia mumewe. "Umekua," alisema. "Ule uvimbe umekua. Na wewe ulituambia tukiona kimya tushukuru."

Ni kweli alisema, tena kwenye meza ileile. Wiki kumi na tatu zilizopita madaktari walikata kipande kidogo cha uvimbe ule wakakipeleka maabara, katika hospitali ambako Mtaalamu alikuwa ndiye mwangalizi wa kompyuta. Utaratibu wa hospitali ulikuwa mwepesi: mwenye majibu yanayotaka arudi, anatumiwa ujumbe kwenye simu, asiye na neno, hatumiwi kitu, aendelee na maisha yake bila kuja kujaza foleni. Programu ya kutuma ujumbe huo aliitunga Mtaalamu kwa mkono wake. Siku zilipopita bila simu ya mama kulia, aliwaeleza wote kwa kujiamini kwamba kimya ni habari njema. Mama aliwatangazia majirani siku hiyohiyo.

Sasa alijibu kwamba huenda ni mafua ya koo. Alisema atapita kuangalia akifika kazini, ili tu kumtoa mkewe wasiwasi. Mkewe alianza kukusanya vikombe, hata kile ambacho Mtaalamu alikuwa bado anakinywea.

Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba nyuma ya maabara, chenye feni, meza mbili na harufu ya dawa ya kufutia sakafu. Siku zote hizo hakuwahi kufungua jalada la mama mkwe wake. Aliona si adabu mtu kuchungulia maungo ya mkwewe, hata kama ni kwa maandishi. Asubuhi ile alipiga moyo konde akalifungua. Mstari wa mwisho ulikuwa na maneno mawili: arudi haraka. Tarehe ilikuwa ya wiki kumi na moja nyuma. Chini yake mfumo wenyewe ulikuwa umeandika, kwa kujiamini kulekule kwa bwana wake: ujumbe umetumwa.

Alisoma mara tatu. Kisha akaifungua programu yenyewe.

Programu yake iliamka kila siku saa kumi na mbili asubuhi, ikapitia orodha, ikatuma ujumbe mmoja mmoja huku ikitangaza kila inachofanya: imetumwa, imetumwa, imetumwa. Lugha aliyoitungia huipa programu njia mbili za kusema, kama nyumba yenye mabomba mawili. Bomba moja linatoa habari za kawaida, la pili linatoa malalamiko tu. Zamani yote mawili yalimwagika katika barua pepe moja iliyomfikia mkuu wa maabara kila asubuhi. Siku moja mkuu alisimama kwenye kikao, akasoma ukurasa mzima wa imetumwa imetumwa kwa sauti ya kasisi, kisha akauliza mbele ya kila mtu kama Mtaalamu ameajiriwa kufanya kazi au kupiga kelele. Watu walicheka mpaka aliyekuwa anamimina chai akaimwaga.

Siku ile Mtaalamu alirudi kwenye kiti chake masikio yakiwaka moto. Akaongeza mwishoni mwa mstari wa programu alama chache: > /dev/null 2>&1. Sehemu ya kwanza inachukua habari za kawaida na kuzipeleka kwenye faili lisilojaa milele, kwa sababu kila kinachoingia humo kinapotea. Kimkia kile cha mwisho kinayaambia malalamiko yafuate njia hiyohiyo. Alijua kimkia hakikuhitajika, angeweza kutupa kelele akabakiza malalamiko. Lakini bomba la malalamiko nalo lilikuwa na mnung'uniko wake wa kipuuzi wa kila siku, kuhusu kalenda, usiodhuru kitu, na yeye hakutaka mkuu aone barua tena hata moja. Akajiambia kesho atautengeneza mnung'uniko ule, kisha afungue bomba. Kesho hiyo ilikuwa imefikisha miezi mitano.

Alikikata kimkia, akaiendesha programu kwa majaribio juu ya orodha ya miezi yote mitano. Kioo kilijaa. Imekataliwa, namba haianzi na msimbo wa nchi. Imekataliwa. Imekataliwa. Kampuni ya kutuma ujumbe ilikuwa imebadili masharti wiki kumi na mbili zilizopita. Namba zilizoandikwa na karani mpya, aliyefundishwa kuanza na msimbo huo, zilipita bila shida. Namba zilizoandikwa na karani wa zamani, aliyeanza na sifuri kama watu wote wanavyoanza, ziligonga mwamba. Kwa kuwa wengine walikuwa wanakuja kliniki na simu mkononi wakionyesha ujumbe, hakuna aliyeshtuka. Programu ilikuwa imelalamika kila asubuhi kwa uaminifu wote, na yeye ndiye aliyeyatia pamba masikio ya watu.

Alihesabu. Walikuwa arobaini na watatu. Mama mkwe wake alikuwa wa kumi na saba.

Mkuu wa maabara alimsikiliza akiwa anakoroga chai, na aliacha kukoroga Mtaalamu alipofika kwenye idadi. Aliinuka akafunga mlango. Akauliza kama programu imeshatengenezwa. Mtaalamu akasema imetengenezwa, inaongeza msimbo yenyewe.

"Basi iache itume yenyewe," mkuu alisema. "Wakipata ujumbe watakuja, wakija watatibiwa. Unataka tupige mbiu?"

Mtaalamu alimweleza kwamba jalada la kila mmoja linaonyesha ujumbe ulitumwa siku ya majibu. Programu inaandika hivyo inapotuma, haisubiri kujua kama umepokelewa. Daktari atakayefungua jalada ataona mgonjwa aliitwa akakaidi.

"Waache waone hivyo."

"Mkuu, wengine walitakiwa warudi haraka."

"Sasa wewe nisikilize vizuri. Mimi nilikwambia unipunguzie barua. Hayo malalamiko sikukutuma uyatupe, uliyatupa mwenyewe. Ukitaka kulitoa jambo hili nje ya mlango huu, ulitoe ukijua hivyo."

Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo maana lilimchoma. Alitoka bila kubisha. Alimpigia mkewe simu akiwa kwenye ngazi, akamwambia majibu ya mama yametoka, yalikuwa yamekwama kidogo maabara, kesho amlete asubuhi kwa daktari wa koo. Mkewe aliuliza yamekwama kwa sababu gani. Akajibu, mambo ya mtandao. Akaona aibu hata kabla hajakata simu, kwa sababu mtandao haukuwa na kosa lolote.

Kesho yake mama alivaa gauni lake la kutokea na mtandio mpya, akamsalimia kila muuguzi aliyepita kwa ile sauti yake iliyobaki, akiwaeleza kwamba mwenye kompyuta zote za hapa ni mkwe wake. Mtaalamu alikaa kati yake na mkewe akitazama sakafu. Alipomwamkia asubuhi, mama alikuwa amemshika bega akamwambia asijisumbue na kuchelewa kwa majibu, mashine nazo huchoka. Angemtukana, angeona nafuu.

Daktari alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, mwenye foleni ya watu thelathini nje na mlango usiofungika vizuri. Waliingia kwake wote watatu. Alibonyeza shingo ya mama hapa na pale, akamwambia ameze mate, akamwambia aseme aaa. Kisha akafungua jalada kwenye kompyuta, na uso ukabadilika.

"Mama, uliitwa," alisema. "Uliitwa tangu wiki kumi na moja zilizopita. Hapa imeandikwa ujumbe umetumwa. Ulikuwa wapi?"

Mama alifungua kinywa, akamtupia jicho mkwe wake, kisha akakifunga. Mtaalamu aliliona jicho lile. Halikuwa la kumshtaki. Lilikuwa jicho la mtu anayeona sahani ya mwenziwe inataka kuanguka, anayetaka kuidaka kabla wengine hawajageuka. Pale ndipo alipojua kwamba mama ameelewa, labda si mambo ya programu, lakini ameelewa kwamba kuna jambo la mkwe wake humu ndani.

"Nisamehe, binti yangu," mama alisema kwa daktari. "Niliuona. Nikapuuzia. Si unajua sisi wazee na simu."

Daktari alishusha pumzi. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye foleni kwamba amechoka na watu wazima wanaochezea maisha yao, kwamba angekuja wakati ule uvimbe huu ungetolewa kwa mkato mdogo tu, lakini sasa umefika kwenye mshipa wa sauti. Watautoa, ndiyo. Lakini hawezi kumwahidi kwamba atatoka na sauti. Na hilo ajilaumu mwenyewe. Nje mtu mmoja alisonya kwa niaba ya hospitali. Mama aliinamisha kichwa na kulipokea karipio hilo kama mtoto wa shule, mikono mapajani, mkoba juu ya mikono.

Mtaalamu alikuwa ameamua asiseme. Alikuwa amelipanga vizuri tangu jana. Mama atatibiwa, wale wengine watapata ujumbe, kazi itabaki, na nyumba itaendelea kula. Lakini alipomwona mama yule, ambaye hakuwahi kushindwa na mtu kwa maneno, akikubali uongo unaomdhalilisha mbele ya foleni ili kumsitiri yeye, aliinuka kitini.

"Hakupata ujumbe," alisema. "Daktari, hakupata. Haukutumwa. Mimi ndiye niliyeandika programu, ilikuwa inalalamika kila siku kwamba namba zinakataliwa, na mimi niliyatupa malalamiko yake ili yasionekane. Si yeye peke yake. Wapo arobaini na wawili wengine, na wote humo wameandikiwa kwamba wameitwa."

Daktari alichukua simu ya mezani akamtaka mkuu wa hospitali.

Mkewe alimfuata kwenye korido, mpaka penye dirisha. Mama alikuwa amebaki ndani akiandikiwa kitanda, upasuaji keshokutwa. Mtaalamu alisubiri makelele, hayakuja.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Jana. Asubuhi."

"Na jana ukaniambia mtandao."

"Nilikuwa nataka kwanza mama apate—"

"Mimi ninashona kaptula za watoto wa shule," mkewe alisema polepole. "Uzi ukikatika, cherehani inagonga. Kelele mbaya ile, unaijua, unailalamikia kila siku. Lakini sijawahi kuifunga mdomo, kwa sababu nikifunga nitashona siku nzima bila uzi na kesho mtoto wa mtu atasimama mbele ya darasa makalio nje. Hilo tu ndilo nililokuwa naogopa, kaptula. Wewe ulikuwa na watu."

Alitaka kumshika mkono, mkewe akautumia mkono huo kufungia mkoba. "Ungeniambia mimi kwanza," alisema. "Hata kabla ya daktari. Mama amejidhalilisha pale kwa ajili yako, na mimi nimekaa kando kama mpita njia." Akarudi kwa mama yake.

Mkuu wa hospitali aliamua mambo mawili mchana huo. La kwanza, Mtaalamu atakabidhiwa barua ya kusubiri kamati ya nidhamu, na kila aliyeifahamu kamati hiyo alijua mwisho wake. La pili lilikuwa sharti la daktari: wale arobaini na wawili, ambao programu ilikuwa bado haijawatumia upya, wapigiwe simu, wazungumze na mtu, si mashine, na waelezwe kwamba kosa si lao. Mkuu wa maabara alisema aliyeharibu ndiye apige. Hakuna aliyepinga.

Ijumaa asubuhi alikaa kwenye chumba chake chembamba na orodha. Simu ya kwanza ilipokewa na mwanamume aliyemsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza anaitwa nani, akamwambia anaandika jina hilo ukutani. Ya pili ilikatwa. Ya tatu, mwanamke alilia tu, akalia tena, na Mtaalamu akajikuta anarudia maneno yaleyale, hitilafu ya mfumo, hitilafu ya mfumo, mpaka yeye mwenyewe akayachukia. Alipofika ya sita, hakubonyeza namba. Aliiweka simu mezani akaitazama.

Mlango ulifunguliwa na mama mkwe wake, amevaa gauni la wodi lisilomtosha, mtandio shingoni, kandambili za hospitali miguuni. Alikuwa ameshuka ngazi mbili peke yake. Mtaalamu alisimama kumpa kiti. Mama alikaa, akahema kwanza, kisha akauliza wamebaki wangapi.

"Thelathini na saba."

"Unawaambia nini?"

Akamwambia. Mama akatikisa kichwa. "Hitilafu ya mfumo," alisema kwa sauti yake iliyokwaruza. "Mtu anaugua, wewe unampa hitilafu. Lete simu."

"Mama, daktari kasema upumzishe sauti."

"Daktari kasema huenda nisiwe nayo kesho. Naipumzisha ili nimwachie nani?"

Akachukua simu, akamwamuru apige namba. Na mama yule alianza kuzungumza kama alivyozungumza na majirani siku zote. Alijitambulisha kwanza kwamba na yeye ni mmoja wao, alikaa wiki kumi na moja akishukuru kimya, sasa yuko wodini anangoja kisu. Akawaambia waje leo, si Jumatatu, leo. Aliyetukana alimwacha atukane mpaka achoke, kisha akamuuliza atakuja na nani. Aliyeogopa alimwambia anaogopa pia. Kila simu ilipokwisha Mtaalamu aliweka alama kwenye orodha, na kwa kila alama sauti ya mama ilipungua kidogo, mpaka adhuhuri ikawa mnong'ono tu wenye nguvu.

Wakati fulani aliinua kichwa akamwona mkewe amesimama mlangoni na chupa ya chai. Hakujua alikuwa hapo tangu lini. Mkewe aliingia, akamimina kikombe kimoja, akampa mama yake, na kukaa kwenye ile meza ya pili akiwapa wote wawili mgongo nusu. Hakuondoka.

Ilipofika namba ya thelathini na tisa, jalada la mwanamke wa miaka arobaini na moja, alipokea mwanamume. Mama alianza kama kawaida, akamuulizia mwenye simu. Kisha akanyamaza, akasikiliza. Mkono wake ulipanda kwenye mtandio. Alisema pole mara tatu, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia, akasikiliza tena. Halafu akaishusha simu sikioni na kumnyooshea mkwe wake.

"Huyu ni wako," alinong'ona.

Mtaalamu aliipokea. Mwanamume wa upande wa pili hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Alisema mke wake walimzika wiki tatu zilizopita. Alisema simu hii aliiacha ikiwa na chaji kila siku, hata baada ya mazishi, kwa sababu mkewe alikuwa akiamka usiku kuitazama, akilala akiwa ameishika, na kila asubuhi alimwambia: bado kimya, mume wangu, basi sina kitu. Akauliza kama anayezungumza naye ndiye aliyeandika ule ujumbe ambao haukufika.

"Ndiyo," Mtaalamu alisema. "Ni mimi."

"Ulikuwa unasemaje?"

"Bwana, haina maana sasa, mimi ninachoweza—"

"Nisomee tu."

Mkewe alikuwa amegeuka. Mama alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili, macho yake hayabanduki usoni mwa mkwe wake. Mtaalamu aliufungua ujumbe kwenye kioo, ule aliouandika miaka miwili iliyopita kwa dakika tano tu, akapanguza macho ili aone herufi, akaanza kusoma.

"Habari. Majibu yako yametoka. Tafadhali fika kliniki haraka iwezekanavyo." Alisita. Mwanamume akasubiri. Ulikuwa umebaki mstari mmoja, na ilimbidi ausome nao. "Asante kwa kutuamini."